Mgeni na Kisima: Fikra Baada ya Safari ya Miji ya Machimbo



Kuna swali ambalo kila jamii ya Waswahili wanaoishi ughaibuni hukutana nalo, ama katika mkutano wa chama, ama msibani, ama mezani baada ya chakula. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyefika mahali kutafuta riziki, na ambaye moyoni mwake ameshaamua kwamba siku moja ataondoka, ana wajibu gani kwa mahali hapo? Je, inatosha alipe kodi, asivunje sheria, asimdhulumu mtu, kisha nguvu na fedha zake zote azielekeze nyumbani? Au yapo mengine anayodaiwa?

Hapa tunapoishi, Las Vegas, swali hili limekuwa zito kwa sababu chama chetu kinajadili kununua eneo la makaburi. Wapo wanaosema jambo hilo haliepukiki, kwani kusafirisha maiti hadi Dar es Salaam au Mombasa ni gharama kubwa na kila msiba unapotokea tunaanza upya kuchangishana. Wapo wanaosema kununua makaburi huku ni kukiri kwamba haturudi tena. Hoja yao ni kwamba tumekuja kutafuta, hatukuja kufia huku. Ajenda hiyo imeahirishwa mara mbili bila uamuzi, na pande zote mbili zina watu tunaowaheshimu.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huitumia mwenyeji anapotaka mgeni asikae bure. Lakini tukiitazama kwa upande wa mgeni, inasema kwamba haki ya kuitwa mgeni ina mwisho, na kwamba baada ya muda fulani anayekula mahali anatakiwa kulima mahali hapo. Haisemi kwamba apewe jembe yule tu atakayekaa milele.

Wakati mjadala wa makaburi ukiendelea, watano kati yetu tulipata siku 2 za mapumziko tukaamua kupanda kaskazini, ndani ya jangwa la Nevada, kuitazama miji ya zamani ya machimbo. Tulikuwa mume na mke wa Mombasa, mume dereva wa malori na mkewe muuguzi. Mzee wetu wa Lubumbashi, tunayemwita Papa kama ilivyo desturi ya kwao. Kijana wa chuo kikuu, mtoto wa wazazi wa Zanzibar aliyezaliwa huku huku. Nasi tulioshika kalamu hii, ambao kazi yetu ni uhandisi. Hatukwenda kutafuta jibu la makaburi. Hata hivyo miji ile yote ilijengwa na watu waliokuja kutafuta, na haikuwezekana kuitazama bila kujitazama.

Kituo cha kwanza kilikuwa Rhyolite. Ukitoka Las Vegas kwa barabara namba 95 unakwenda kilomita zipatazo 185 hadi Beatty, kisha unakata kushoto kuelekea vilima vikavu vya Bullfrog. Agosti 1904 watu wawili, Shorty Harris na Ed Cross, waligundua dhahabu katika vilima hivyo. Mwaka uliofuata mji ukaanzishwa, na ndani ya miaka 3 ulikuwa na watu wanaokisiwa kati ya 3,500 na 5,000, pamoja na umeme, maji ya bomba, magazeti na reli. Benki ya John S. Cook, jengo la ghorofa 3, ilisimama mwaka 1908 kwa gharama ya dola zipatazo 90,000. Mbao zilikuwa adimu jangwani, kwa hiyo mtu mmoja aitwaye Tom Kelly alijenga nyumba yake mwaka 1906 kwa chupa zinazokadiriwa kufikia 50,000, nyingi zikiwa za bia. Nyumba hiyo bado ipo.

Msukosuko wa fedha wa mwaka 1907 uliwatisha wenye mitaji, na dhahabu yenyewe haikuwa nyingi kama ilivyotangazwa. Sensa ya mwaka 1910 ilikuta watu 675 tu. Mgodi mkuu ulifungwa mwaka 1911, na mwaka 1916 umeme ulikatwa. Leo benki ile ni kuta za mbele zilizosimama bila paa, na madirisha yake yanaonyesha mbingu.

Kilichotushika zaidi ni shule. Ni jengo la zege la ghorofa 2, lililokamilika mwaka 1909, wakati watu walikwisha kuanza kufungasha. Mwenzetu dereva akacheka. Akasema watu hawa walikosa hesabu. Mtu anaona wenzake wanaondoka kwa treni, naye bado anamwaga zege. Mkewe hakukubaliana naye.

"Mtoto wa miaka saba humwambii asubiri kwanza mpaka ijulikane dhahabu iko kiasi gani," alisema. "Mwaka wake wa kusoma ni huo huo. Ukipita umepita."

Sisi wahandisi tunayo njia yetu ya kuliangalia jambo hili. Kila tunachojenga hukadiriwa umri wa kutumika. Daraja la barabara kuu hapa Marekani husanifiwa kwa miaka 75, na lami kwa kawaida miaka 20 hivi. Hatujasikia mtu akisema tusijenge daraja kwa kuwa baada ya miaka 75 litachoka. Tunauliza litamvusha nani katika muda wake, na litakapochoka litaondolewaje bila kumuumiza mtu. Kwa kipimo hicho shule ya Rhyolite haikuwa upumbavu. Kulikuwa na watoto, nao walihitaji darasa. Kosa halikuwa katika kujenga kitu kitakachokwisha, kwa kuwa kila kitu hukwisha.

Basi kosa la miji ile lilikuwa wapi? Tulianza kuliona tulipoacha kuangalia majengo tukaangalia ardhi. Pembeni mwa barabara, juu ya vilima, kuna marundo ya mawe ya rangi tofauti na mlima, na chini ya kila rundo kuna shimo. Mamlaka ya madini ya Nevada inakadiria kwamba jimboni humu kuna mabaki ya migodi iliyotelekezwa yapatayo 200,000, na kwamba 50,000 kati ya hayo yanaweza kumdhuru mtu. Mengine ni mashimo ya wima ya makumi ya mita, yenye boriti zilizooza na hewa isiyofaa kuvuta. Aliyechimba alichukua alichokitaka akaenda zake, na hakuna sheria iliyomlazimisha kufukia. Sheria ya madini ya shirikisho ya mwaka 1872, ambayo hadi leo inatumika, ilimruhusu mtu kudai eneo la ardhi ya umma na kuchimba dhahabu bila kulipa mrabaha kwa taifa. Ni mwaka 1989 tu ambapo Nevada ilipitisha sheria ya kumtaka mchimbaji aweke dhamana ya fedha kabla ya kuanza, ili akiondoka ardhi irekebishwe. Kwa maneno mengine, ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa watu kuandika katika sheria kile ambacho bibi zetu walituambia kwa maneno machache: ukimaliza kupika kwenye jiko la mwenzio, ondoa majivu.

Kutoka Beatty hadi Goldfield ni kilomita zipatazo 107 za jangwa tupu. Goldfield ilikuwa kubwa kuliko Rhyolite. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1902, na kufikia mwaka 1907 hivi mji ulikuwa na watu wapatao 20,000, ukawa mkubwa kuliko yote Nevada. Leo wamebaki chini ya 300. Mahakama ya wilaya iliyojengwa mwaka 1907 bado inafanya kazi. Hoteli kubwa ya mwaka 1908 bado imesimama, lakini tangu miaka ya 1940 haijapokea mgeni wa kulala.

Historia ya Goldfield ni ya watu wasioaminiana. Wachimbaji walikuwa wakitoka chini na mawe yenye dhahabu nyingi wameyaficha katika nguo, wakiona si wizi kwa kuwa wenye mgodi nao wanachukua tu. Makampuni yakaweka vyumba vya kubadilishia nguo ili wawakague. Huku nyuma walikuwapo mabwana waliovaa tai wakiuza hisa za migodi isiyo na kitu kwa watu wa miji ya mbali. Migomo ikazuka, na Desemba 1907 Rais Theodore Roosevelt akapeleka askari. Kila mmoja alijihesabu kuwa mpita njia, na mpita njia hana jirani.

Hapo ndipo Papa alipozungumza. Kwao Katanga, alisema, Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, wakati huo huo ambapo Goldfield ilikuwa ikiwaka taa usiku kucha, na mji wa Lubumbashi ukaanzishwa mwaka 1910. Mwanzoni kampuni ilileta vibarua kwa mikataba mifupi, wanaume watupu, wakafanya kazi na kurudishwa. Baadaye, katika miaka ya 1920, iliona ni faida zaidi wakae na wake na watoto, ikawajengea nyumba, zahanati na shule, na kuwagawia unga wa bukari.

"Baba yangu alikuwa akisema, kampuni njo baba, njo mama," alisema Papa. "Alikuwa hatanii."

Baada ya uhuru kampuni ikawa mali ya serikali, ikaitwa Gécamines. Miaka ya 1990 uzalishaji ukaanguka, mishahara ikasimama, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaanza kupunguzwa kwa kulipwa kiinua mgongo. Papa alikumbuka watu wazima, mafundi stadi, waliojifunza kulima wakiwa na mvi, kwa kuwa unga ulikuwa ukija wenyewe. Lakini Lubumbashi haikufa kama Rhyolite. Tulimuuliza kwa nini. Akatuambia kwamba si kwa sababu ya shaba peke yake. Watu walikuwa wameshazaa pale na kuzika pale. Walikuwa na masoko, makanisa na misikiti ambayo hakuna kampuni iliyowapa, na akina mama walikuwa wameshaanza kuuza mboga mbele ya nyumba tangu zamani. Kampuni ilipoondoka ilikuta mji haukuwa wake tena.

Usiku tulilala Tonopah, kilomita zipatazo 43 mbele. Huko iligunduliwa fedha mwaka 1900, nao mji bado una wakazi wapatao 2,000. Tonopah ilitupa mifano miwili ya namna mpita njia anavyoweza kuishi.

Mfano wa kwanza ni wa aibu. Mwaka 1903, mji ukiwa na umri wa miaka 3, kundi la wazungu liliwavamia wafanyakazi wa Kichina na kuwafukuza kwa nguvu, na mzee mmoja wa Kichina akauawa. Hebu fikirini, ndugu wasomaji. Hapakuwa na mtu mzima katika kundi lile aliyezaliwa Tonopah. Walikuwa wageni wa miaka 3 wakiwaambia wageni wenzao kwamba hapa si kwao. Jambo hili halikuishia mwaka 1903. Tumewasikia hata baadhi ya wenzetu, waliopata karatasi zao juzi, wakiwasema vibaya wanaofika leo.

Mfano wa pili upo katika makaburi ya zamani ya mji, pembeni mwa barabara. Tarehe 23 Februari 1911 moto ulizuka katika mgodi wa Belmont, watu 17 wakafa, na baadhi yao wamezikwa hapo. Mmoja wa waliokufa aliitwa William Murphy, maarufu kama Big Bill. Alishuka kwa lifti ya mgodi akapandisha watu, akashuka tena akapandisha wengine, na aliposhuka mara ya tatu hakurudi. Hatujui alikusudia kukaa Tonopah muda gani. Huenda naye alipanga kuondoka mwaka huo huo. Lakini waliokuwa chini hawakumuuliza mpango wake, naye hakuutumia kama udhuru. Dada yetu muuguzi alisimama hapo kwa muda, kisha akasema kwamba wodini anapofanya kazi hajawahi kumuuliza mgonjwa ametoka wapi, wala mgonjwa hajamuuliza yeye atarudi kwao lini.

Wakati wa chakula cha usiku kijana wetu wa chuo alituuliza swali ambalo sisi wazee hatukuwa tumelifikiria. Alituuliza: kabla ya mwaka 1900, jangwa hili lilikuwa la nani?

Akatueleza habari za Washoshone wa Magharibi, wanaojiita Newe. Mwaka 1863 walitia saini mkataba na serikali ya Marekani katika bonde la Ruby. Mkataba huo uliwaruhusu wageni kupita, kujenga reli na kuchimba madini, lakini haukusema kwamba Washoshone wanaitoa ardhi yao. Mabishano kuhusu ardhi hiyo yalifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua dhidi yao mwaka 1985. Miji yote tuliyoizuru ilisimama juu ya karibu hiyo.

Kilichotugusa zaidi ni jinsi walivyoishi. Washoshone hawakukaa mahali pamoja mwaka mzima. Walihama kwa majira. Katika vuli walipanda milimani kukusanya mbegu za msonobari, na majira mengine walishuka kwenye mabonde na chemchemi. Kwa kipimo cha ramani nao walikuwa wapita njia. Lakini waliishi katika nchi hii kavu kwa karne nyingi bila kuiachia mashimo, kwa kuwa chemchemi waliyokunywa leo walijua wataihitaji tena, na wasipoihitaji wao, wataihitaji ndugu zao.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, jibu la swali letu linapopatikana. Tumezoea kugawa watu katika mafungu mawili, anayekaa na anayeondoka, na kudhani kwamba wajibu ni wa anayekaa peke yake. Tofauti iliyo muhimu ni nyingine. Yupo anayekunywa kisimani akijua kwamba kuna mtu nyuma yake, na yupo anayekunywa kana kwamba yeye ndiye wa mwisho. Mtu wa kwanza anaweza kuondoka kesho na bado akawa amelima kwa jembe lake. Wa pili anaweza kukaa miaka 30 na bado akawa mchimba mgodi.

Jambo hili si geni katika desturi zetu. Kwa karne nyingi mabaharia wa Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi walifika pwani yetu kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi. Walikaa miezi michache tu. Lakini walijua kwamba kaskazi ijayo wao au wana wao watarudi katika bandari ile ile, kwa hiyo jina jema lilikuwa mtaji. Na hata asiyetarajia kurudi alijua thawabu ya kuchimba kisima na kukiweka wakfu, ili anywe mtu asiyemjua. Mgodi na kisima yote ni mashimo ardhini, na huenda yakachimbwa kwa jembe moja.

Wapo watakaotujibu kwamba wajibu wetu wa kwanza ni nyumbani, kwa wazazi na wadogo zetu, na kwamba dola moja haiwezi kuliwa mara mbili. Hoja hii ni ya kweli na hatutaki kuipuuza. Wengi wetu tulisomeshwa kwa ng'ombe aliyeuzwa au shamba lililowekwa rehani, na deni hilo haliishi. Lakini tuliyoyataja hapa kwa sehemu kubwa hayadai dola. Kumpokea mgeni aliyefika wiki hii asiyejua basi wala ofisi, kuhudhuria kikao cha wazazi shuleni, kupiga kura kwa waliopata uraia, kuwafundisha watoto Kiswahili siku ya Jumamosi, kumpelekea chakula jirani mzee ambaye si wa kabila letu, haya hayapunguzi hata senti katika fedha tunazotuma. Tena simu tunazotumia kutuma fedha hizo zina lithiamu ndani, na lithiamu huchimbwa Silver Peak, wilaya ile ile ya Goldfield, tangu miaka ya 1960. Tunakula jangwa hili kila siku, tuwe tumelitembelea au la.

Tukirejea kwenye makaburi, maoni yetu ni kwamba eneo linunuliwe. Anayetaka kusafirishwa nyumbani asafirishwe, na tusimlaumu yeyote kwa hilo. Lakini yupo mwenzetu mwenye watoto wanne huku na asiye na mtu kule. Yupo atakayefika mwaka kesho na kufariki kabla hajafahamika. Kijana wetu wa chuo, ambaye kwao ni hapa, siku moja atataka mahali pa kwenda kuwaombea wazazi wake bila kukata tiketi ya ndege. Kuwawekea hawa mahali hakumaanishi kwamba sisi tumekata tamaa ya kurudi, kama vile kuchimba kisima njiani hakumaanishi kwamba safari imekwisha.

Wenye maoni tofauti tunawaomba waje mkutanoni na hoja zao, kwani jambo hili ni la wote. Ombi letu ni moja tu, kwamba kabla ya kuulizana nani anarudi na nani habaki, tuulizane kwanza: atakayefika baada yetu atakuta nini?